Mahubiri ya kughani yalianzia wapi?

SWALI: Mhariri, kanisani kwetu Mbagala mhubiri akipamba moto huanza kughani, huku mpiga kinanda akimfuata. Je, mtindo huu ni wetu au wa Marekani?
Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Ndugu msomaji, chimbuko lake si moja. Katika uamsho wa karne ya 18 huko Marekani, Wabaptisti waliojitenga, akiwamo Shubal Stearns aliyeanzisha kanisa la Sandy Creek, North Carolina, mwaka 1755, walijulikana kwa kuhubiri kwa sauti ya kuimbaimba. Waafrika waliotumikishwa utumwani walikuja na desturi ya kiongozi kuanzisha na umati kuitikia, nao ndio, kwa maoni yangu, walioupa mtindo huo uhai: mhubiri huanza kwa maneno ya kawaida, hupandisha sauti taratibu, kisha hughani na kumalizia kila kifungu kwa mhemo unaosikika, waumini wakijaza pengo kwa "Amina!" Santuri za mahubiri ya C. L. Franklin, mchungaji wa Detroit, ziliusambaza katika miaka ya 1950. Kinanda kinachomfuata mhubiri wenu kinanukia Marekani, lakini kuitikiana ni kwetu pia: hata wavuvi wa pwani yetu huitikiana wavutapo nyavu.