Timu imepanda daraja. Na mwanao je?

Jioni moja ya Juni, huku Marekani, tulikaa kwenye gari nje ya uwanja, mimi na mwanangu, tukisubiri orodha ya watoto waliochaguliwa na klabu yake ya mpira wa miguu. Siku za majaribio watoto hubandikwa namba mgongoni, na matokeo hutoka kwa namba hizo. Yake ilikuwa 34. Alipitisha kidole kwenye simu, akarudia, kisha akanipa mimi. Kulikuwa na 33, halafu 36. "Baba, labda wamekosea," akasema.

Wiki tatu nyuma timu yake ya chini ya miaka 13 ilikuwa imepanda daraja, naye alicheza beki ya kushoto karibu msimu mzima. Wazazi tulikumbatiana pale uwanjani. Mimi nimekulia Tanzania, na kichwani nilikuwa na Ligi Kuu yetu: timu 16, mbili za mkiani zinashuka moja kwa moja, ya 13 na ya 14 zinacheza mchujo. Nikaamini kwamba mtoto aliyeipandisha timu amepanda nayo.

Wazazi wenzangu mlioko huku Marekani, hasa mliofika karibuni, naomba mlielewe hili mapema kuliko nilivyolielewa mimi. Nafasi kwenye daraja ni mali ya klabu. Kila mwaka klabu hufanya majaribio upya, na timu ikishapanda, kocha anatafuta watoto wa kuiwezesha kubaki huko juu. Kwetu waliletwa saba kutoka klabu nyingine. Saba wa kwetu wakaondoka.

Tena umri wenyewe ni mbaya kwa jambo hili. Kwenye timu za chini ya miaka 11 na 12 watoto hucheza tisa kwa tisa. Wakifika chini ya 13 wanaingia uwanja mkubwa, 11 kwa 11. Hapo aliyebalehe mapema anamwacha mwenzake mbali kwa mbio na kwa nguvu, na kocha anayehesabu pointi atamchukua huyo. Mwanangu alikuwa mdogo wa mwili. Mpira alikuwa anaujua.

Jambo la pili ni kwamba ngazi za juu kabisa hazifikiwi kwa pointi. Ligi mbili kubwa za vijana za nchi nzima, MLS NEXT, iliyoanza 2020 baada ya ligi ya akademi ya shirikisho la soka la Marekani kufungwa mwaka huohuo, na ECNL, iliyoanza na wasichana 2009 na kuongeza wavulana 2017, hupokea klabu kwa maombi. Klabu inapimwa makocha, viwanja na mipango yake, kisha inakubaliwa au inakataliwa. Kupanda na kushuka kwa msimamo wa ligi utakukuta zaidi kwenye ligi za majimbo na za mikoa. Kwa hiyo mtu akikuambia timu yake ya daraja la tatu "iko njiani kwenda MLS NEXT", mwombe akueleze ni njia ipi.

Mwanangu alipelekwa timu ya pili, madaraja mawili chini. Wiki mbili za kwanza hakutaka hata kufungua begi la viatu. Lakini kule alicheza dakika zote, akahamishiwa kiungo, akaanza kupiga pasi kwa mguu wa kulia ambao zamani alikuwa akiukwepa. Rafiki yake aliyebaki juu alimaliza vuli nzima benchi, kwa kuwa timu ilikuwa inapigania isishuke. Nilimwonea huruma sana yule mtoto.

Siku hizi mzazi akiniuliza klabu ipi nzuri, simjibu kwa daraja. Namwambia aende kutazama mechi mbili za umri wa mwanawe, ahesabu ni watoto wangapi hawaingii kabisa. Halafu amuulize kocha ana kwa ana: mwaka jana mlibadilisha wangapi, na mtoto wangu atacheza nafasi gani, dakika ngapi? Ayaulize hayo kabla ya kulipa amana, maana klabu nyingi hazirudishi pesa hiyo. Sisi tulipewa saa 24 za kuamua.