Kompyuta kukwamakwama baada ya kuweka prosesa ya Ryzen 5 5600 kwenye bodi mama ya B450

Mkuu, usikimbilie kurudisha prosesa dukani, sasisha BIOS (programu ya msingi ya bodi mama) kwanza. Picha na sauti zikikwama pamoja kwa sekunde moja au mbili, mara nyingi ni fTPM (kipengele cha usalama kilichomo kwenye prosesa); AMD wenyewe, watengenezaji wa prosesa hiyo, walilikiri tatizo hilo mwaka 2022, na dawa yake imo kwenye BIOS zenye AGESA (msimbo wa AMD unaokuja ndani ya BIOS) toleo la 1.2.0.7 kuendelea. Kama unatumia BitLocker (ulinzi wa Windows unaofunga diski kwa ufunguo), hifadhi kwanza ufunguo wa kurejesha, la sivyo diski inaweza kukufungia nje. Na kwa mvua hizi za Mbeya, tafadhali usisasishe BIOS bila UPS (betri ya akiba): umeme ukikatika katikati, bodi inaweza kufa kabisa. Kompyuta ikiendelea kukwama, zima XMP (mpangilio wa BIOS unaoongeza kasi ya RAM) ujaribu tena. Ikitulia, chunguza RAM.