Doa Moja Linatosha Kuharibu Mandharinyuma Yako

Kadi nyingi za kwanjula, sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha mchumba, zinazochapwa Nasser Road hapa Kampala zinatumia mandharinyuma zilezile za kupakua: karatasi kuukuu iliyokunjamana, marumaru nyeupe, mbao za nyumba za watu wa mbali. Mimi siku hizi napiga picha mwenyewe na kuigeuza kigae, yaani mraba mmoja unaorudiwa hadi ujaze ukurasa, na ninachopiga zaidi ni lubugo, nguo ya gome la mti wa mutuba. Rangi yake ni ya udongo mwekundu, na ukiisogelea unaona mistari myembamba iliyoachwa na nyundo za mbao zenye mifereji, zile ambazo fundi hulipondea gome. UNESCO iliutangaza ufundi huo kuwa urithi wa dunia usioshikika mwaka 2005. Ila muulize mteja kwanza. Lubugo huvaliwa kwenye kutawazwa, lakini pia huzikiwa watu, kwa hiyo usishangae mzee akikunja uso akiiona kwenye kadi ya harusi.

Picha ndiyo nusu ya kazi. Jua la saa sita hapa kwetu liko juu ya kichwa, linafuta mistari yote. Jua la asubuhi linaitoa vizuri, lakini upande mmoja wa nguo unabaki mweupe na wa pili mweusi, na tofauti hiyo ikijirudia unapata mabaka kama ubao wa drafti. Tandika nguo kivulini karibu na mlango, mwanga uingie kwa ubavu, kamera iiangalie nguo moja kwa moja bila kuinama. Ikibaki tofauti ndogo ya mwanga, kichujio cha High Pass cha Photoshop kinaisawazisha.

Sasa mshono, ule mstari unaoonekana vigae vinapokutana. Kata mraba, tuseme pikseli 2000 kwa 2000, kisha tumia amri ya Offset, isogeze picha pikseli 1000 kulia na 1000 chini, kinachotoka upande mmoja kiingie upande wa pili. Programu ya GIMP nayo inayo, bila malipo. Kingo za nje zinahamia katikati na kufanya msalaba unaoonekana wazi, huku kingo mpya zikiwa tayari zinakutana zenyewe. Ufute msalaba kwa brashi ya kunakili, ukichota sehemu za mbali kidogo, wala usiguse kingo. Rudia Offset uhakikishe.

Wengi huishia hapo, na hapo ndipo ninapogombana nao. Mshono umepotea, sawa, lakini kuna tundu dogo au kiraka cha kushonea, na lubugo haikosi viraka. Kwenye kigae kimoja kinapendeza. Jaza ukurasa mzima, kiraka kinajipanga mistari kama askari wa gwaride na jicho halioni kingine. Kwa hiyo panga vigae vinne kwa vinne, punguza ukubwa hadi picha iwe ndogo kama stempu, kisha fumba macho nusu. Chochote kinachokurukia, kifute, hata kama ndicho ulichokipenda zaidi.

Au tumia kigae kikubwa. A4 kwa dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi) ni pikseli 2480 kwa 3508. Kigae cha pikseli 1024 hakifiki sentimita 9, kwa hiyo kitajirudia zaidi ya mara mbili kwa upana na zaidi ya tatu kwa urefu. Cha 2500 kinamaliza upana wote bila kujirudia.

Ukituma PDF yenye ruwaza (vigae vinavyojirudia) iliyojazwa, wakati mwingine kwenye skrini vinatokea vistari vyeupe kati ya vigae. Mara nyingi havichapwi, ila mteja atapiga simu usiku. Igeuze mandharinyuma yote iwe picha moja kabla ya kutuma. Na kwa karatasi ya kawaida isiyong'aa, inayokunywa wino, fifisha ruwaza kuliko skrini inavyokushawishi. Omba nakala moja ya majaribio, uisome maandishi madogo kwa umbali wa mkono.

Kitenge ni habari nyingine. Ruwaza yake inavutia na tayari inajirudia, lakini ule ni mchoro wa mtu, na Uganda ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 2006. Usikipige picha ukauza. Tazama tu jinsi maua yanavyopishana, safu ya pili ikishuka nusu hatua ili jicho lisione mistari, kisha fungua programu ya kuchora ya Inkscape ukachore maua yako.