Umeiangalia, au Umeisoma?

Juzi kijana mmoja wa Chake Chake kaniletea ujumbe: "Kaka, nimesoma sana habari za filamu za zamani za nje. Nianze na ipi?" Nikacheka peke yangu. Hiyo "nimesoma sana" iliwahi kunitia aibu mbele za watu.

Kuna wakati nilikuwa bingwa wa filamu ambazo sijaziona. Usiku, bando likiwa rahisi, nasoma wahakiki mpaka macho yanawasha. Nikajua kuwa jarida la Sight and Sound la Uingereza huwapigisha kura wahakiki kila baada ya miaka 10 kuchagua filamu bora kuliko zote, na kura ya kwanza, 1952, iliyoshinda ni filamu ya De Sica, yule mwongozaji Mtaliana: baba na mwanawe wanaitafuta baskeli iliyoibwa. Nikajua hata kuwa aliyeigiza baba alikuwa mfanyakazi wa kiwandani. Yote nikayamwaga barazani Michenzani, kikombe cha kahawa mkononi. Mzee mmoja, ambaye ujanani hakuikosa sinema ya Majestic pale Vuga, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza taratibu: "Na yule mtoto, mwisho alifanya nini?"

Nikababaika. Baraza zima likaangua kicheko. Mpaka leo nikipita pale yupo anayeniita Profesa Baskeli, na wallahi bado inaniuma.

Usiku ule ule nikaiangalia. Kisha nikaingia kwa Ozu, Mjapani, filamu yake ya 1953 ya wazee wawili wanaokwenda Tokyo kuwatembelea watoto wao. Wahakiki wameandika mno juu ya kamera yake inayowekwa chini chini, nami nilikuwa nikiyakariri maneno yao kama kasuku. Simu nimeiegemeza kwenye chupa ya maji, nimekaa kwenye mkeka, mama akapita, akakaa. "Kumbe hawa nao wanakaa chini kama sisi!" Basi. Kurasa zote zile nilizosoma, mama kazimaliza kwa neno moja.

Nikawa namfasiria maandishi ya chini. Mama wa kwenye filamu alipokufa, binti yake akaanza kuulizia nguo za marehemu, mama yangu akasonya. Watoto walipowahi treni kurudi mjini, akasema: "Hata matanga hawakungoja!" Sijasoma uhakiki unaoshinda huo.

Kwa hiyo, mdogo wangu, angalia kwanza, usome baadaye. Wahakiki sikatai, wananifaa sana, lakini baada ya filamu: wakinionyesha kitu kimenipita, nairudia. Na usimsome anayesifu tu, mtafute na aliyechukia. Nyinyi vijana mnapenda kujua kabla ya kuona, ndiyo maana mnabishana usiku kucha juu ya vitu hamjavigusa. Angalia kwanza! Wala usikimbilie iliyo juu ya orodha. Mwaka 2022 kwenye kura ile ile ilishinda ya Chantal Akerman wa Ubelgiji, ya 1975: zaidi ya saa tatu na mwanamke jikoni anamenya viazi. Mimi nimelala mara mbili, na sioni haya kusema. Nitaijaribu tena Ramadhani ikipita.

Wewe anza na ya baskeli. Ukimaliza usiniletee majina ya wahakiki. Niandikie tu yule mtoto alifanya nini.