Kwa nini Aintree hawashushi tu viunzi?

Swali: Daktari, mimi ni shabiki wa mbio za kuruka viunzi na maji hapa Eldoret, na kila Aprili hutazama pia zile za farasi za Grand National kule Aintree, Liverpool. Nasikia wamepunguza idadi ya farasi na kulainisha viunzi, na wakongwe wa mchezo wanalia kwamba mila yao imeuawa. Ikiwa shida ni farasi kuanguka, si wavishushe tu viunzi yaishe?

Jibu: Viunzi vya riadha unavyovijua wewe, kwa wanaume, vina sentimita 91.4, na mkimbiaji akitaka anakanyaga boriti na kuendelea. Farasi hana nafasi hiyo. Ana uzito wa karibu kilo 500, amebeba mtu, na kwa kuwa macho yake yako pembeni ya kichwa, anapofika kabisa kwenye kiunzi hakioni vizuri tena. Anaruka kwa hesabu aliyoipiga hatua kadhaa nyuma. Kinachovuruga hesabu hiyo zaidi ni mwendo na msongamano. Ukimshushia kiunzi sana, atakijia mbio zaidi na kuruka akiwa amejinyoosha chini chini, na akikosea hapo ndipo anapobingirika.

Ndiyo maana mabadiliko ya 2024 yalilenga mwendo na nafasi. Idadi ya juu ya farasi ilipunguzwa kutoka 40 hadi 34. Kiunzi cha kwanza kilisogezwa karibu na mahali pa kuanzia kwa takriban mita 55, wasipate mwanya wa kushika kasi kabla hawajaruka hata mara moja. Kilichoshushwa ni kiunzi cha 11 peke yake, tena kwa sentimita 5 tu.

Hicho kilio cha mila nina mashaka nacho. Mwaka 1929 walikimbia farasi 66, kwa hiyo hata hao 40 hawakuwa urithi wa mababu. Na wanaopenda kusimulia mwaka 1967, farasi Foinavon aliposhinda bila kutarajiwa na mtu, wakumbuke alishindaje: farasi aliyekwisha kumpoteza mpandaji wake alikatiza mbele ya wenzake kwenye kiunzi cha 23, kundi zima likarundikana, naye Foinavon kwa kuwa alikuwa nyuma akapata upenyo.

Mabadiliko ninayoyasifu kuliko yote, mtazamaji hayaoni. Zamani ndani ya viunzi vya Aintree mlikuwa na mbao ngumu. Kuanzia mashindano ya 2013, vingi viliwekewa fito za plastiki zinazopinda, juu yake yakafungwa matawi ya msprusi, mti wa jamii ya msonobari, kama ilivyokuwa. Kwa macho ni kiunzi kilekile cha kijani. Lakini farasi akigusa sehemu ya juu, sasa anapita kama anayepenya ua wa makuti. Mila imebaki, gogo limeondoka.

Kiunzi cha Becher's Brook ni kisa kingine. Kinaitwa hivyo kwa sababu Kapteni Martin Becher, mpandaji, alitumbukia kwenye kijito cha hapo mwaka 1839. Ubaya wake ni upande wa kutua, ambao ulikuwa chini kuliko upande wa kurukia: farasi ananyoosha miguu ya mbele kutafuta ardhi, haikuti pale alipoitarajia, kichwa kinatangulia. Baada ya farasi wawili kufa hapo mwaka 1989, mteremko ule ulipunguzwa, na umesawazishwa tena baadaye. Jina liko palepale.

Kwenye viwanja vya Uingereza kwa jumla, alama za rangi ya chungwa kwenye viunzi zimebadilishwa kuwa nyeupe. Farasi hatofautishi vizuri chungwa na kijani, hivyo alama iliyowekwa kumwonya ilikuwa inamsaidia zaidi mpandaji.

Matokeo? Mwaka 2024 hakuanguka farasi hata mmoja, ingawa wapandaji kadhaa walitupwa, na 21 kati ya 32 walioanza walimaliza. Sitaki uchukulie mwaka mmoja kuwa ushahidi. Mwaka uliofuata Celebre d'Allen, farasi wa miaka 13, alizimia akiwa amekwisha kuruka viunzi vyote na akafa siku chache baadaye. Hapo hakuna kiunzi cha kulaumu. Alizimia kwa uchovu wa karibu kilomita 7, na uchunguzi ulionyesha kifo chenyewe kilitokana na maambukizi makali ya mapafu yaliyofuata. Ukitazama tena, baada ya kiunzi cha 30, ambacho ni cha mwisho, usimwangalie anayeongoza. Angalia wa nyuma, kwenye zile mita 450 hivi za mwisho, uone kama mpandaji wake anamsukuma au amemwachia atembee.