Tumbo la Allnut

Mwanangu,

Ujumbe wako niliusoma jana jioni barazani hapa Ujiji, kisha nikamsomea mama yako (usininunie, angekuja kuujua tu). Unasema kwenye sherehe ya kuzaliwa ya mwenzako wa kazini MC alikupa maiki ujitambulishe, ukataja jina, ukashukuru mara mbili mfululizo kwa kualikwa, ukakwama. Ukaaga kwenda chooni, hukurudi. Ukapanda bajaji, ukajifungia chumbani na filamu yetu ile mpaka mwisho, na ukafurahi kweli. Sasa unauliza: "Baba, mimi nina kasoro gani?"

Huna kasoro, una damu yangu. Pale Mwanga niliwahi kumshika bwana harusi mkono nikamwambia "pole sana." Shangazi yako anaisimulia kila Idi.

Ila nashangaa: The African Queen umeitazama mara ngapi usilione lile tumbo? Kumbuka mwanzoni. Allnut, mwenye mashua ya mvuke, amekaribishwa chai na mmisionari na dada yake. Watu wamekaa wima kama wako mahakamani. Tumbo lake linanguruma. Wenyeji wanajifanya viziwi, chai inaendelea. Linanguruma tena. Mwisho analitaja mwenyewe, kwamba tumbo lake ndivyo lilivyo na hana la kulifanya. Kwangu mimi hakuna sinema iliyoonyesha aibu ya ugenini kuliko hapo. Humphrey Bogart alipata Oscar kwa kumwigiza Allnut, ndiyo pekee aliyowahi kupata, nami husema nusu yake ilikuwa ya tumbo.

Wewe ulipenda meli tu. Nilikupeleka bandarini ukiwa mdogo, nikakuonyesha Liemba, nikakwambia meli ya Wajerumani ndani ya filamu chimbuko lake ni hii. Ililetwa kutoka Ujerumani vipandevipande ndani ya makasha, ikaunganishwa hapa Kigoma, ikashushwa majini 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe wakaizamisha isitekwe. Hapo ulilia. Ikabidi nikwambie haraka kwamba Waingereza waliiopoa 1924, na 1927 ikarudi kazini ikiitwa Liemba. Sikukwambia siku ile kwamba mafundi waliipaka mitambo grisi nzito kabla ya kuizamisha, maana walikuwa na nia ya kuirudia.

Basi kuondoka sherehe mapema sikulaumu. Wengine tukikaa sana kwenye spika kubwa tunachoka kama tuliobeba magunia. Wala filamu si maficho ya aibu, mtu ana haki ya kwenda panapomfurahisha. Ninachokulaumu ni kwamba umezama bila grisi. Hukumuaga mwenye shughuli, na huenda alikutafuta wakati wa kukata keki.

Mpigie leo. Usimwambie ulipata dharura nyumbani, mimi niko hapa mzima nakula ugali na migebuka. Mwambie ulivyokwama kwenye maiki ukaona haya. Akicheka, cheka naye. Akinuna, muombe radhi, muachie siku mbili.

Halafu uniambie alijibu nini, mama yako ameshaniuliza mara tatu tangu asubuhi. Na ile flashi ya filamu uliyoniachia imegoma kwenye televisheni. Ukija, njoo na nyingine.

Baba yako