Watazamaji wamecheka pale pa kutisha: tufanyeje?

SWALI: Tumemaliza filamu ya kusisimua ya dakika 94 kwa bajeti ndogo. Inahusu kampuni ya mikopo ya kausha damu inayochezea hesabu za wateja wake. Tuliwaonyesha watu 40, wengi ndugu na marafiki. Walicheka pale mhasibu anapotishiwa, na nusu walitoka bila kuelewa pesa ziliibwaje. Mhariri anataka tupige upya. Mnashaurije? *Msomaji, Morogoro*

JIBU: Msirudi na kamera bado. Hayo ni maradhi mawili, na kila moja lina dawa yake.

Tuanze na kicheko. Katika filamu za bajeti ndogo, mara nyingi kinaletwa na sauti kuliko uigizaji. Tishio linatamkwa kwenye ofisi yenye kuta tupu, maneno yanarudi kama ya bafuni, halafu kila picha inapobadilika mlio wa kiyoyozi unakatika na kuanza tena. Sikio la mtazamaji linashtuka kabla hajajua kwa nini, na mtu akishtuka vibaya hucheka. Rudini kwenye ofisi ileile, saa ileile, kiyoyozi kikiwa kama kilivyokuwa, watu wote wanyamaze, mrekodi ukimya wa chumba kwa dakika moja. Utandazeni chini ya mazungumzo ya onyesho zima. Mwangwi wenyewe hautoki kirahisi. Ukizidi, waigizaji warudie maneno yao kwenye chumba chenye mapazia na magodoro.

Kisha tazameni sekunde zinazofuata tishio. Bosi mwovu akiendelea kukodoa macho wakati neno lake limeshatua, anageuka kichekesho. Kateni hapohapo, mwende kwenye mkono wa mhasibu ulioshika kalamu. Kama bosi anacheka kile kicheko kirefu cha waovu, kiondoeni chote.

Sasa wizi. Mtazamaji hahitaji kujua uhasibu. Anahitaji kuona nani kalipa, nani kala, na ushahidi uko wapi. Mpeni mfano mmoja wa mteja mmoja. Mama amekopa 500,000, anatakiwa kurejesha 60,000 kwa wiki 10. Risiti zake ni 10, lakini daftari la kampuni lina malipo 6, kwa hiyo anadaiwa 240,000 ambazo alishalipa. Wekeni risiti na daftari kwenye meza moja, kidole cha mhasibu kikishuka mstari kwa mstari mpaka mahali malipo ya saba yalipotakiwa kuwa. Picha hiyo ikae muda wa kutosha mtu kusoma maandishi mara mbili kwa sauti. Onyesho la namna hii linapigwa nusu siku, na huenda mkalazimika kuliongeza.

Ipo filamu inayofundisha vizuri jambo hili: *Margin Call* ya J. C. Chandor, ya mwaka 2011, iliyopigwa kwa siku 17, sehemu kubwa ikiwa kwenye ofisi za ghorofa moja jijini New York. Hesabu zenyewe hatuzioni vizuri. Ila mabosi wanaoingizwa kwenye siri ya hasara inayoikabili kampuni yao wanaomba waelezwe kwa lugha nyepesi, na mtazamaji anaelezwa tena na tena bila kujihisi yuko darasani.

SWALI: Tutapataje maoni ya kweli na si ya kutupaka mafuta?

JIBU: Waiteni watu 15 hadi 20 wasiowafahamu: mwendesha bodaboda, muuza duka, mwalimu, na wawili watatu waliowahi kukopa. Mwongozaji asijitambulishe. Mtu mmoja akae mbele pembeni akiwatazama wao, si filamu, akiwa na saa aliyoiwasha pamoja na picha ya kwanza. Aandike dakika ambayo simu zinawashwa, watu wanaegemea nyuma, wananong'onezana, au ukumbi unatulia tuli.

Filamu ikiisha, gaweni karatasi kabla yeyote hajafungua mdomo, kwa sababu mzungumzaji wa kwanza huwaambukiza wengine wote. Ulizeni: Pesa ziliibwaje? Wapi ulichoka? Nani hukumwamini? Usiulize "umeipenda?", utajibiwa ndiyo.

Mtu mmoja akilalamikia dakika ya 38, iacheni. Wakiwa watano, kuna kidonda. Ila dawa wanayopendekeza msiichukue moja kwa moja: wakisema mwisho unachosha, mara nyingi chanzo kiko dakika 20 nyuma, pale walipopoteza uzi. Mkisharekebisha, tafuteni watu wapya. Wa kwanza wameshaijua siri.

Jaribuni pia kwenye kibanda umiza, feni zikizunguka. Maneno yakimezwa, shusheni muziki wa chini yake desibeli 3 hadi 6.

SWALI: Wamekasirika kwamba mwenye kampuni anaondoka huru. Tumfunge?

JIBU: Hapana. Hasira hiyo ni halali, na ni mali yenu. Kinachomuudhi mtazamaji vibaya ni mwisho usiomrudisha kwa aliyeumizwa. Ongezeni picha moja ya yule mama wa risiti 10, ukutani pakiwa na alama ya mstatili mahali televisheni ilipokuwa.

SWALI: Baadhi walisema jina la kampuni yetu wanalijua mtaani.

JIBU: Hilo fanyeni leo. Tafuteni jina hilo kwenye mfumo wa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, mtandaoni. Likifanana na kampuni iliyosajiliwa, badilisheni jina, nembo na rangi za sare. Angalieni pia vibao vilivyoonekana nyuma ya waigizaji. Malizeni hayo kabla ya kuipeleka filamu Bodi ya Filamu kupata kibali, maana mkibadilisha baadaye mtakuwa na filamu tofauti na ile iliyokaguliwa.